Pompe, PlayStation na kipengele cha nne

Siku ya Mungu iliyopita tulikuwa watu wanne wa sendika tunatoka mkutano kule Alunguli. Tulivuka Lualaba kwa mtumbwi, jua likiwa kali, na tulipofika upande wa Kasuku tukatafuta kivuli. Kivuli tulikipata chini ya hangari moja ya mabati yenye kelele kuliko soko. Ndani kulikuwa tele nne, PlayStation nne, benchi za mbao, na vijana wamebanana kama samaki ndani ya kikapu. Nje, grupe inalia na kutoa moshi. Mlangoni mama mmoja anauza mikate ya mafuta na kulalamika kwamba pesa ya chumvi inaishia kwenye manete.

Wengi wa vijana wale tunawafahamu. Ni watoto wetu. Wawili ni wachimbaji wenyewe, wameteremka kutoka upande wa Kailo kupumzisha mgongo. Tulipoingia walikuwa kwenye mabishano makali. Mmoja alikuwa amerudi kutoka Goma, ameona Xbox kwa ndugu yake.

— Ile mashine iko na nguvu, musiseme! Hizi zenu ni za zamani.

— Nguvu ya bule, mwenzake akamjibu. Iko na jeu gani ya kupita hizi? Mutu hachezi nguvu, anacheza jeu.

— Na bila nguvu, jeu itatembea namna gani?

Kisha wakatugeukia.

— Bapapa, ninyi njo batu ba coltan. Mutukatie haya maneno.

Tulicheka, lakini jibu hatukuwa nalo. Na kicheko hakikudumu, kwa sababu mabishano yale yale ndiyo tuliyotoka kuyaacha ng'ambo ya mto.

Karatasi ya Alunguli

Mambo ni hivi. Mnunuzi mmoja amekuja na neno jipya kwa koperative moja ambayo wanachama wetu wengi wamo. Anatoa pompe ya kuvuta maji kwenye mashimo, pamoja na mashine ya kusaga mawe. Bei yake ni ndogo, karibu nusu ya ile ya Goma au Bukavu, na inalipwa kidogo kidogo. Lakini karatasi ina kipengele cha nne: kwa miaka mitano, kasiterite na coltan yote ya mashimo yale itauzwa kwake peke yake, kwa bei atakayotangaza yeye kila wiki.

Mkutano ulidumu masaa matatu. Kwa masaa mawili na nusu tuliongea pompe. Iko na nguvu ngapi? Inavuta maji kutoka mita ngapi? Inakula lita ngapi za mazutu? Hatuwalaumu waliouliza. Mvua ikinyesha mashimo yanajaa, na mwaka huu kuna mawili yaliyofungwa na maji, familia zake zikakaa wiki nyingi bila kitu. Mtu ambaye shimo lake limekuwa kisima, akionyeshwa picha ya pompe anaona chakula cha watoto. Kipengele cha nne kilisomwa mwishoni, watu wakiwa wamekwisha kusimama kwenda nyumbani.

Basi swali la vijana na swali letu yanafanana: tunapopewa mashine, tuangalie nguvu yake, au tuangalie kile kilichofungwa pamoja nayo? Wiki hii yote tumeuliza, tumesoma, tumekaa na depanere mmoja wa hapa mjini. Tunawaletea tuliyoyapata, kwa sababu jibu la karatasi linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Jiwe letu limo ndani

Depanere alitufungulia PlayStation 2 iliyokufa, akaiweka juu ya meza. Alituonyesha vipande vidogo, vingine kama punje ya mchele. Kuna vinavyoitwa kondensateri. Kazi yake ni kuweka umeme kidogo na kuutoa sawasawa, ili ubongo wa mashine usipate umeme wa kuruka-ruka. Kondensateri za tantale zinapendwa kwa sababu zinabeba umeme mwingi ndani ya nafasi ndogo. Tantale inatoka kwenye coltan, jiwe tunalolijua kwa uzito wake mkononi.

Kisha akatuonyesha zile alama za kung'aa chini ya kila kipande, pale kiliposudiwa. Ile ni etain, nayo inatoka kwenye kasiterite ya Kalima, ya Punia, ya Kailo, na ya nchi nyingine zinazochimba kama sisi. Zamani walikuwa wanachanganya etain na risasi. Tangu tarehe 1 Julai 2006, sheria ya Ulaya imekataza risasi ndani ya mashine nyingi za umeme, na sudire inayotumika zaidi sasa ni etain kwa zaidi ya asilimia 95. Ukiondoa etain, konsole inakuwa mfuko wa vipande visivyoshikana.

Kwa hiyo wazee wetu wanaposema bila sisi hakuna mashine, hawasemi uongo. Lakini tulipomuuliza depanere kiasi gani cha jiwe kimo ndani ya konsole moja, alicheka. Ni kidogo, cha kuhesabu kwa gramu. Na ile etain haina jina. Haisemi kama imetoka Maniema, Indonesia au Bolivia. Mwenye kiwanda akikosa ya kwetu, anatafuta ya mwingine, na mchezaji hatajua kitu.

Mwenye nguvu hakushinda

Sasa tuje kwa mabishano ya vijana. Tuliyaangalia kwa hesabu.

PlayStation 2 ya Sony ilitoka Japani Machi 2000. Mwaka uliofuata, Novemba 2001, Microsoft ya Marekani ilileta Xbox. Kwa nguvu hapakuwa na ubishi. Ubongo wa Xbox ulikuwa unapiga megahetsi 733, ule wa PlayStation 2 haukufika 300. Memori ya Xbox ilikuwa mara mbili ya mwenzake. GameCube ya Nintendo, iliyotoka mwaka uleule wa 2001, nayo ilikuwa na ubongo wa haraka kuliko PlayStation 2. Mwisho wa safari, PlayStation 2 ziliuzwa karibu milioni 160. Xbox milioni 24. GameCube karibu milioni 22.

Rudini nyuma kidogo, mwaka 1989. Nintendo ilitoa Game Boy, mashine ndogo ya mkononi yenye picha bila rangi, na huko Marekani iliuzwa pamoja na mchezo wa Tetris. Sega ikajibu na Game Gear yenye rangi nzuri. Lakini Game Gear ilikuwa inakula pile sita kwa masaa machache tu. Sisi tunaoingia shimoni na tochi kichwani hatuhitaji kuelezwa maana yake. Game Boy ikaenda zaidi ya milioni 100, Game Gear ikabaki karibu na 10.

Njooni mbele, mwaka 2006. PlayStation 3 ilitoka ikiwa na ubongo wa ajabu, na kule Marekani bei yake ilifika dola 599. Wii ya Nintendo ilikuwa dhaifu sana mbele yake, na bei yake ilikuwa dola 249. Wii iliuzwa zaidi ya milioni 100, PlayStation 3 milioni 87. Na mwaka 2020, kwa hesabu ya teraflopu, Xbox Series X ilikuwa na 12, PlayStation 5 na 10. PlayStation 5 imekwisha kupita milioni 80, lakini Microsoft haitangazi hesabu yake.

Nguvu nayo ina bei yake ya siri. Xbox 360 ya mwaka 2005 ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa inapata moto. Viungo vidogo vya sudire ndani ya chipu vilipasuka kwa kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa. Julai 2007 Microsoft ililazimika kutenga zaidi ya dola bilioni moja kwa kuzitengeneza. Hapo tulikumbuka pompe yetu: katika masaa yale matatu, hakuna aliyeuliza ikiharibika atakayelipa ni nani.

Mashine inauzwa kwa hasara

Hapa ndipo depanere alitushangaza. Alisema: wale hawauzi mashine, wanauza mlango.

Tulifikiri ni maneno ya mjini. Lakini Mei 2021, mbele ya tribunali moja ya California, mkubwa mmoja wa Xbox aliulizwa faida wanayopata kwenye mashine. Alijibu kwamba Microsoft haijawahi kupata faida kwa kuuza konsole yenyewe. Haijawahi, tangu 2001. Sony nayo ilianza kuuza PlayStation 5 chini ya gharama yake, na ilikuwa Agosti 2021 tu iliposema kwamba ile ya kawaida haiuzwi tena kwa hasara.

Mfanyabiashara gani anauza kwa hasara miaka na miaka? Ni yule anayejua utarudi kwake. Kila mchezo unaouzwa kwa ajili ya mashine yake, mwenye mashine anakata sehemu yake. Kwenye maduka ya konsole ya intaneti, sehemu ya kawaida ni asilimia 30. Ukikwisha kuiweka mashine nyumbani, huwezi kununua mchezo wake mahali pengine bila yeye kula. Bei ndogo ya mashine ni mkopo. Unaulipa baadaye, mchezo kwa mchezo, na hakuna anayekuonyesha daftari.

Someni tena karatasi ya Alunguli. Pompe kwa nusu ya bei. Miaka mitano. Kuuza kwake peke yake.

Mchezo wa pekee ni kufuli

Lakini mtu hanunui mlango kama nyuma yake hakuna kitu. Ndiyo sababu ya michezo ya pekee, ile isiyochezwa kwenye mashine ya mwingine. Ukimtaka Mario, sharti ununue Nintendo. Kwa miaka mingi, ukitaka Gran Turismo, sharti ununue PlayStation.

Halo inaonyesha jambo hili vizuri. Mchezo huo ulionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Julai 1999, kwenye mkutano wa kompyuta za Apple, na aliyeutangaza ni Steve Jobs mwenyewe. Mwaka uliofuata, Microsoft ilinunua kampuni iliyokuwa inautengeneza, Bungie. Mchezo ukatolewa Apple, ukawa uso wa Xbox. Microsoft haikununua nguvu pale, ilikuwa nayo tayari. Ilinunua sababu ya mtu kuingia kwenye mlango wake na kumkosesha jirani.

Tusidanganyane kwamba mchezo wa pekee unatosha. Nintendo hiyohiyo ilitoa Wii U mwaka 2012, Mario akiwa ndani, na ikauza chini ya milioni 14 tu. Mario Kart 8 ulitoka kwenye mashine hiyo mwaka 2014, ukauzwa kidogo zaidi ya milioni 8. Mchezo uleule, ukirudishwa mwaka 2017 kwa Switch, mashine unayoweza kubeba njiani, umepita milioni 60. Kwa hiyo kijana aliyeuliza jeu itatembea namna gani bila mashine hakuwa mjinga. Mashine inahesabika. Tofauti ni kwamba kinachopimwa si nguvu peke yake. Kinachopimwa ni kama inamfaa mtu katika maisha yake.

Na kufuli inaumiza nani? Inamuumiza mnunuzi. Mzazi wa Ulaya ambaye mtoto wake mmoja anataka Mario na mwingine anataka Gran Turismo, ananunua mashine mbili. Wakubwa wenyewe wanaogopa kufungiwa. Microsoft ilipotangaza mwaka 2022 kwamba inanunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, serikali za Marekani, Uingereza na Ulaya ziliuliza: je, mchezo wa Call of Duty utafungiwa kwenye Xbox? Kabla ununuzi haujamalizika Oktoba 2023, Microsoft ilikuwa imesaini karatasi za miaka 10 na Nintendo na Sony kwamba mchezo huo utabaki wazi kwao. Sony, kampuni kubwa vile, haikuridhika na neno la mdomo. Ilitaka karatasi yenye miaka iliyohesabiwa.

Na baada ya hayo yote, mwaka 2025 Microsoft ikatangaza kwamba Halo nayo itaingia PlayStation. Ilichokinunua mwaka 2000 ili kumkosesha jirani, imekifungua, kwa sababu wachezaji wengi wako kwa jirani. Kufuli ni nzuri kwa mwenye ufunguo, mradi kuna watu wengi ndani ya nyumba.

Pekee ya mwaka 2000

Sisi wa Maniema tulikwisha kuonja kitu cha pekee, na kilitujia mwaka uleule wa PlayStation 2.

Wale waliokuwa vijana wakati ule wanakumbuka. Kindu ilikuwa mikononi mwa RCD, reli imekatwa, mji unaishi kwa ndege. Mwanzoni mwa mwaka 2000, ratili moja ya madini ya tantale, yaani karibu nusu kilo, ilikuwa inauzwa kwa dola 30 na kitu kwenye soko la dunia. Kabla mwaka kuisha, bei ilikuwa imepita dola 200. Watu waliacha mashamba ya mpunga wakaingia msituni kuchimba. Baadaye, huko ng'ambo, wengine waliita vita yetu vita ya PlayStation.

Jina hilo linashika kichwani, lakini lina ukweli nusu. PlayStation 2 ilitumia tantale, ni kweli, na mwaka huo mashine zilikosekana madukani. Lakini simu na kompyuta ndizo zilizokuwa zinakula tantale nyingi, na wanunuzi wengi waliogopa kukosa wakajaza magodauni. Na aliyeuza tantale nyingi kuliko wote wakati ule hakuwa Mkongomani. Ilikuwa kampuni ya Australia, Sons of Gwalia, yenye kontra za miaka mingi na viwanda. Vita yetu ilikuwa na sababu zake nyingine nyingi. Coltan iliilisha, haikuizaa.

Novemba 2000, bei ikiwa juu kabisa, RCD ilitoa haki ya pekee ya kuuza coltan nje kwa kampuni moja, SOMIGL. Makontuare mengine yote yalitakiwa kupitia kwake. Jiwe halikubadilika. Nguvu yake ilikuwa ileile. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na mwenye mlango alikata sehemu yake kabla ya jiwe kuvuka mpaka, kwa hiyo aliyenunua shimoni alipunguza kwa mchimbaji. Miezi michache tu baadaye, mwaka 2001, haki hiyo iliondolewa. Bei ya dunia nayo ilikuwa imekwisha kuanza kuanguka, na kabla mwaka kuisha ilikuwa imerudi karibu pale ilipotoka. Waliokuwa wameacha mpunga walirudi kwenye mashamba yaliyojaa majani.

Tukumbuke tofauti kati ya wale wawili. Muaustralia alikuwa na karatasi iliyofunga pande zote mbili: mimi nitaleta kiasi hiki, wewe utalipa bei hii. Sisi tulikuwa na karatasi iliyotufunga upande wetu peke yake.

Kwa nini Kindu inacheza mashine ya zamani

Turudi hangarini. Tuliwauliza vijana: kwa nini PlayStation 2, mashine ambayo Sony iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa 2013, bado inajaza benchi zenu?

Majibu yao hayakuwa na nguvu wala mchezo wa pekee. Walisema: haiogopi grupe. Ikiharibika, depanere anaijua. Inaweza kuchukua kipande cha mashine nyingine iliyokufa. Haitaki intaneti. Na iko na football. Mwishoni mwa 2013 zilitoka FIFA na PES za mwisho za mashine hiyo, na mpaka leo vijana wanabadilisha wenyewe majina ya wachezaji ili timu zifanane na za sasa.

Football si mchezo wa pekee. Iko kwenye mashine zote. Na hapo ndipo yule kijana mchimbaji, mtu wa maneno machache, alisema neno ambalo tumelibeba mpaka kwenye gazeti hili:

— Papa, patron wa hapa hawezi kupandisha bei. Akipandisha, naenda hangari ya pili. Jeu ni ileile.

Amekata maneno. Mwenye hangari haogopi nguvu ya mchezaji, kwa sababu mchezaji hana nguvu yoyote. Anaogopa miguu yake. Mchezaji anaweza kuondoka, na ndiyo maana bei ya mchezo mmoja imebaki ya mtoto. Bei ya kasiterite yetu nayo inapata heshima kidogo siku ambayo kuna wanunuzi wawili au watatu kwenye njia ya Kalima. Siku akibaki mmoja, tunajua wenyewe mizani inavyosoma.

Tulichoandika kwenye karatasi

Kuna ndugu zetu wanaosema: tusaini haraka, mvua haingoji. Tunawaelewa. Wenye mashimo yaliyojaa maji hawawezi kula hoja zetu. Hatusemi mnunuzi ni mwizi. Anaweka pesa yake, ana haki ya kutaka irudi. Hata konsole inayouzwa kwa hasara imemletea mtu furaha nyumbani. Tunachosema ni kwamba pompe ina bei, na bei hiyo ijulikane. Mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo kamati imerudisha karatasi ikiwa na mabadiliko manne. Hayo hapa, ili kila familia iyajue.

La kwanza: kuuza kwake peke yake kusiwe kwa miaka mitano. Kuwe mpaka pompe na mashine ya kusaga zimelipwa, na kusizidi mwaka mmoja. Tukiweza kulipa mapema, kufuli ifunguke mapema.

La pili: bei ya kasiterite ihesabiwe kutoka bei ya etain kwenye soko la London, ambayo inatangazwa kila siku ya kazi kwa dola kwa tani. Iandikwe ni asilimia ngapi inayobaki kwetu na ni gharama gani zinazokatwa. Asitangaze peke yake siku ya kwanza ya wiki.

La tatu: coltan iondolewe kwenye kipengele cha nne. Tantale haina soko la wazi kama lile la etain. Bei yake inazungumzwa kati ya wauzaji na wanunuzi. Kitu ambacho hatuwezi kukagua bei yake, tusikifunge kwa mtu mmoja. Tubaki na miguu ya kwenda hangari ya pili.

La nne: pompe ikiharibika ndani ya mwaka wa kwanza, atengeneze yeye, na siku za shimo kujaa maji zisihesabiwe kwenye deni. Nguvu ya pompe tumeiandika pia, kama wengi walivyotaka, kwenye mstari wa mwisho.

Mnunuzi hajajibu. Anaweza kukubali, anaweza kukubali nusu, anaweza kuchukua pompe yake na kwenda kwa koperative nyingine. Akienda, tutabaki na maji kwenye mashimo mawili, na lazima tuliseme hilo mbele ya wenye mashimo, sio nyuma yao. Ndiyo maana kumeanzishwa mchango mdogo wa kukodi pompe kwa mwezi mmoja. Hautoshi bado, lakini daftari lake liko wazi kwa mtu yeyote anayetaka kulisoma.

Vijana wa hangari tuliwarudia siku ya tatu kuwapa jibu lao. Tuliwaambia: aliyesema mutu anacheza jeu, ameshinda mara nyingi kwa hesabu ya mauzo. Aliyesema bila mashine jeu haitembei, naye ana haki yake, muulizeni Wii U. Lakini wote wawili wamesahau kuuliza kufuli iko mkononi mwa nani. Walitusikiliza dakika moja, kisha grupe ikazimika, wakaanza kupiga kelele za esansi.

Mkutano mwingine ni siku ya posho, saa nane, kule kule Alunguli. Safari hii tutaanza na kipengele cha nne, pompe itafuata. Kila mtu aje amekisoma. Asiyejua kusoma Kifaransa cha karatasi aje na mtoto wake, hata yule wa PlayStation.